Robine Inayouma



Shirika letu hai la msingi husali nyumba kwa nyumba, kila juma kwa mkristu mmoja, na mtu aliyefundisha umeme katika shule ya ufundi kwa miaka mingi ana mazoea yake katika sala za namna hiyo. Wenzake wanapoinamisha vichwa, yeye macho yanampanda darini. Nimesali chini ya nyaya zilizofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nimeimba chini ya taa iliyoning'inia kwenye waya uliokauka kama mzizi. Katibu wetu alisema siku moja mbele ya watu kwamba mimi humtafuta Roho Mtakatifu juu ya kishikio cha taa, na watu wakacheka sana, nami nikacheka pamoja nao.

Mji wetu wa Lubumbashi una nyumba nyingi za zamani. Zile za Bel-Air, za Makomeno na za mitaa mingine iliyojengwa wakati mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, yaani kabla ya mwaka 1966, ziliwekewa umeme na mafundi waliojua kazi yao. Nalisema hili kwa heshima, maana vijana wanapofungua ukuta na kukuta uozo huwacheka wazee waliotangulia. Umeme wenyewe ulikuwa umekwisha kufika Katanga: bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930, kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba kwanza, na nyumba zikapata sehemu yao. Mafundi wale walipitisha nyaya za shaba ndani ya mabomba membamba ya chuma yaliyofukiwa ukutani. Kila waya ulivikwa mpira, na juu ya mpira ukavikwa uzi wa pamba uliosukwa. Fyuzi zilikuwa za kaure nyeupe, nzito mkononi kama yai la bata. Nyumba ilipimiwa taa chache, redio, pasi, na kwa wenye uwezo jokofu.

Lakini mpira una umri wake. Baada ya miaka sitini au sabini hukauka na kupasuka, na ukiukunja kidogo tu huanguka kama tumbaku. Shaba iliyo ndani hubaki nzima, ila haina tena nguo. Zaidi ya hayo, vyumba vingi vya wakati ule vilipewa nyaya mbili tu, fazi inayoleta umeme na netri inayourudisha, bila ule wa tatu, waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuufikisha udongoni pasipo kupita katika mwili wa mtu.

Na maisha ya nyumba yamebadilika. Resho moja ya wati 2000, kwenye umeme wa volti 220, hunywa ampea 9 hivi. Ongeza pasi ya wati 1000, nayo inahitaji ampea 4 na nusu. Jumla inapita 13, mahali ambapo fyuzi iliwekwa kwa 10. Fyuzi inakatika, kama ilivyoumbwa kufanya. Ndipo mtu mwenye haraka huchukua uzi mnene wa shaba, anaufunga mahali pa ule mwembamba, na nyumba inatulia. Watu wengi hawajui kwamba joto la waya halikui sawasawa na mzigo: mzigo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Nyumba imetulia, kila mtu anapika na kupiga pasi, na ndani ya ukuta waya unaungua polepole bila mtu wa kuutazama. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuogopa kamwe nyumba ambayo fyuzi zake zinakatika kila jioni. Niliziogopa zile ambazo wenyeji walijivunia kwamba hazijakatika tangu miaka kumi.

Nimetanguliza maneno haya ya ufundi ili msomaji aelewe shauri lililoletwa mbele ya kamati ya shirika letu, katika Kwaresima ya mwaka usio wa mbali.

Mahali ni Bel-Air. Mbele ya kiwanja kuna nyumba kubwa. Nyuma, uani, kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili, ile tunayoiita boyeri mpaka leo, jina lililobaki tangu siku ambazo mtumishi wa mzungu alilala huko. Mwenye nyumba ni mkristu wa shirika letu, mtu wa sala na mwepesi wa kutoa sadaka. Boyeri aliipangisha kwa mama mjane mwenye watoto watatu, anayekaanga maandazi alfajiri ili kuyauza kando ya barabara. Umeme wa mjane ulitoka katika nyumba kubwa kwa waya uliopitishwa juu ya mwembe. Kodi na umeme vililipwa pamoja, kwa bei moja ya kila mwezi.

Mwenye nyumba alikuwa amemwambia mama huyo atoke kabla ya Pasaka. Sababu alizozitoa mbele ya kamati zilikuwa tatu. Kwanza, deni la umeme lilikuwa limepanda tangu mjane aingie. Pili, fyuzi zilikuwa zikiungua mara kwa mara, mpaka mtu mmoja wa nyumbani, ambaye hakuna aliyekubali kumtaja, alipozitia waya mnene. Tatu, na hili ndilo lililomkasirisha, mjane alikuwa "ameharibu maji": tangu mvua zianze, robine ya uani ilikuwa ikiwarusha watu. Ni dhahiri, alisema, waya wake wa juu ya mwembe unavuja.

Mama mjane hakuwa na maneno mengi. Alisema kwamba anayerushwa ni mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka sita, ambaye ndiye anayetumwa maji. Mtoto alikuja siku moja ndoo ikiwa imemwagika, akasema, "Mama, robine inauma." Watu wa nyumba kubwa walikwenda kuishika, hawakusikia kitu, wakacheka.

Kamati ilinituma mimi, pamoja na mama mmoja mshauri wa shirika, tukaone kabla ya kusema neno lolote. Tulikwenda Jumamosi mchana, umeme ukawa haupo. Wasomaji wa mji huu hawahitaji kuelezwa delestaji ni nini. Tulirudi saa tatu usiku, umeme ukiwa umerudi na mvua ikiwa imetoka kunyesha, jambo ambalo kwa kazi yangu lilikuwa bahati.

"Mwalimu," mwenye nyumba aliniambia, "waya wenyewe ni ule pale juu."

"Tutauona, ndugu yangu. Tuanze na robine."

Naomba nielezee kazi hii kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna jambo ambalo nimelibeba tangu wakati huo. Turnevisi ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, iliwaka nilipoigusisha kwenye robine. Lakini turnevisi hiyo si shahidi wa kuaminiwa peke yake: huwaka hata kwa umeme hafifu usioweza kumdhuru mtu. Nikapigilia msumari mrefu katika udongo ulioloana, nikapima kati ya msumari na robine: volti 85. Hata kipimo cha tarakimu kinaweza kuonyesha volti za kivuli. Kwa hiyo nikachukua taa ndogo ya wati 15, ya aina ya zamani yenye uzi ndani, nikaunganisha waya wake mmoja kwenye robine na wa pili kwenye msumari. Uzi wa taa ukawa mwekundu katika giza la ua. Mama mshauri, ambaye si fundi, alielewa kabla sijasema neno. Alikwenda kumwondoa mtoto aliyekuwa amesimama peku karibu nasi.

Umeme wa kivuli hauwashi taa. Huu ulikuwa umeme wa kweli, na ulikuwa na nguvu ya kuua.

Mtu atauliza: kwa nini fyuzi haikukatika, hata kabla ya kutiwa waya mnene? Kwa sababu fyuzi hailindi mwili wa mtu. Fyuzi ya ampea 10 inangoja ampea 10 zipite. Mwanadamu anaweza kufa kwa sehemu ndogo mno ya hizo. Vifaa vya leo vya kulinda uhai huwekwa vikate umeme unapovuja milliampea 30, nazo huingia zaidi ya mara 300 ndani ya ampea 10. Mtoto angeweza kufa juu ya ndoo yake, na katika nyumba kubwa taa zisingepepesa.

Na kwa nini watu wazima hawakusikia kitu? Walikwenda kuishika robine mchana wa jua, wakiwa na viatu vya mpira. Mtoto alikuja alfajiri, miguu mitupu, juu ya udongo uliojaa maji. Mwili wake ulikuwa daraja kati ya bomba na ardhi. Ndani ya nyumba kubwa nako hakuna aliyewahi kurushwa, kwa sababu bafuni bomba na beseni la chuma vilikuwa vimeungana, vikiwa na volti zile zile. Mtu aliyesimama ndani ya beseni na kushika robine hakuwa daraja la kwenda popote. Waliokaa ndani walikuwa wakweli waliposema kwamba hawasikii kitu. Vivyo hivyo alikuwa mkweli mtoto wa uani.

Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Cha kwanza nilichong'oa kilikuwa ni kile cha waya wa mjane, kwa sababu ndicho kilichoshitakiwa, na haki ya mshitakiwa ni kusikilizwa mapema. Boyeri ikaingia giza. Nikarudi uani na kupima: volti 85, bila kupungua hata moja.

Mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akasema labda umeme bado "umekaa" ndani ya waya. Nikaukata waya wenyewe pande zote mbili, tukaushusha kutoka kwenye mwembe, tukauviringisha chini mbele ya macho yake. Nikapima. Volti 85.

Katika Injili ya Yohane wanafunzi wanapomkuta mtu aliyezaliwa kipofu humwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Nimelitafakari swali lile mara nyingi kwa macho ya kazi yangu. Fundi anayeingia katika nyumba yenye hitilafu huulizwa kwanza, "Nani ameharibu?" Ni mara chache sana anaulizwa, "Imeharibika wapi?" Na aliyekwisha kupata jibu la swali la kwanza hawezi tena kulitafuta jibu la pili, hata akiwa na kipimo mkononi. Yule ndugu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na deni la umeme lililopanda, fyuzi zilizoungua, na mpangaji mgeni, mambo matatu ya kweli, naye akayafunga katika fungu moja kama tufungavyo kuni.

Niliendelea kung'oa fyuzi moja moja, kila mara nikirudi uani. Taa za vyumba vya kulala: 85. Priza za sebuleni: 85. Jiko: 85. Ikabaki jozi moja ya fyuzi za kaure chini kabisa, bila maandishi, imefunikwa na vumbi. Niliuliza ni za nini.

"Ni za boileri ya bafuni," alisema mtoto mkubwa wa nyumba. "Hiyo ilikufa zamani. Imezimwa."

Nikazing'oa. Mama mshauri, niliyemwachia kipimo uani, akaita kutoka gizani: "Sifuri, Mwalimu!"

Boileri ile ya kupasha maji ilikuwa imezimwa kweli, kwa swichi ya ukutani, tangu mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Lakini swichi hiyo ilikata waya mmoja tu kati ya miwili, na siku moja katika maisha marefu ya nyumba hiyo fundi fulani alikuwa amegeuza nyaya, hata swichi ikawa inakata netri, njia ya kurudi, na kuiacha fazi. Maji hayakupata moto, kwa hiyo watu waliamini kwamba boileri haina umeme. Kumbe umeme ulikuwa umesimama ndani yake usiku na mchana, na kile chuma cha kupashia kilichotobolewa na kutu kilikuwa kikiuachia uingie majini na katika mwili wa boileri, na kutoka hapo katika mabomba yote ya nyumba.

Ilibaki kueleza kwa nini haikuwa hivyo miaka yote. Zamani bomba la chuma lilitoka barabarani, likapita chini ya udongo mpaka nyumbani. Bila kuombwa na mtu, bomba lile lilikuwa likifanya kazi ya waya wa ardhi: kilichovuja kilizama udongoni. Miaka miwili kabla ya shauri letu bomba hilo lilikuwa limeliwa na kutu, fundi wa maji akaweka la plastiki jeusi kutoka kwenye kompteri ya maji hadi ukutani. Katika kazi ya maji simpati na kosa lolote. Ila plastiki haipitishi umeme, na tangu siku hiyo mabomba ya ndani, pamoja na tawi linalopita juu ya ukuta mpaka robine ya uani, yakabaki yakielea na umeme wao, yakingoja mtu wa kuugusa udongo. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, udongo wetu mwekundu hukauka kabisa na hauchukui umeme vizuri. Ndiyo sababu uchungu ulikuja na mvua. Mjane naye alikuwa ameingia mvua hizo hizo.

Mwenye nyumba alikaa juu ya ukingo wa beseni. Baada ya muda akauliza, "Tangu plastiki?" Nikamjibu ndiyo, tangu plastiki. Alikuwa akihesabu, nadhani, ni asubuhi ngapi.

Ningeweza kuishia hapa, na habari ingekuwa nzuri kwa mahubiri. Lakini kazi haikuishia hapo, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyokuwa ngumu.

Boileri tuliitoa kabisa. Nyumba ilihitaji waya wa ardhi, ambao haikuwahi kuwa nao. Vitabu hupendekeza nondo ya shaba, au ya chuma iliyovikwa shaba. Sisi tunaokaa katika nchi ambayo shaba huchimbwa chini ya miguu yetu tunajua kwamba shaba iliyofukiwa uani hufukuliwa usiku na kuuzwa kwa kilo. Nilichagua chuma kilichopakwa zinki, ambacho hakimtamanishi mtu, nikakipigilia mita mbili kwenda chini, mahali ambapo maji ya kufulia humwagwa, na kuzunguka kichwa chake nikaweka makaa yaliyosagwa na chumvi ili udongo ushike unyevu mpaka mwezi wa kumi. Mabomba yote ya chuma niliyafunga kwa waya mmoja na nondo hiyo. Mwisho, mahali pa kuingilia umeme niliweka disjonteri ya kulinda watu, ile inayolinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata mara moja ikiona kwamba kuna uliopotea.

Ilikata dakika ileile. Nikairudisha, ikakata. Kwa siku nne nyumba ile haikuwa na usiku mmoja mzima wa mwanga, hata pale mji ulipokuwa na umeme. Vijana wa nyumba walinuna. "Kabla hujaja, Mwalimu," mmoja aliniambia kwa adabu lakini waziwazi, "nyumba yetu ilikuwa na amani." Mwingine alishauri tuipitishie waya pembeni, tuiruke disjonteri mpaka baada ya sikukuu, kisha tutaona.

Nilikataa, na mwenye nyumba, nampa sifa yake, alikataa pamoja nami. Nilileta kipimo kinachosukuma volti 500 ndani ya waya uliotengwa ili kujua kama nguo yake bado inazuia. Waya mzima huonyesha megaomu moja na kuzidi, mara nyingi mamia. Taa za vyumba vya kulala zilionyesha vizuri. Sebule ilionyesha karibu si kitu. Juu ya dari bati lilikuwa limetoboka, na maji ya mvua yalikuwa yameingia katika bomba la chuma la nyaya na kutuama kwenye kona. Nilipovuta waya wa zamani, mpira ulibaki ndani ya bomba, ukatoka uzi wa shaba mtupu. Juu ya jiko, katika kisanduku cha maungio, kulikuwa na fundo la nyaya lililogeuka jeusi, na ubao wa dari uliolizunguka ulikuwa umebadilika rangi kama mkate ulioachwa jikoni. Hapo ndipo mzigo wa resho na pasi ulipokuwa ukipita, nyuma ya fyuzi iliyotiwa waya mnene. Baba yule alipanda ngazi mwenyewe kuliona. Halikuwa kosa la boileri wala la plastiki. Vijana hawakuongea tena habari za amani.

Na hapa haki inanidai niseme kwamba mashitaka mawili ya kwanza yalikuwa na ukweli. Tulipomwekea mjane kompteri yake ndogo na disjonteri yake mwenyewe, ilionekana kwamba resho ya maandazi ilikula umeme kuliko alivyodhani, na kuliko kodi yake ilivyoweza kubeba. Mama mshauri alikaa nao wawili jioni nzima. Walipatana kwamba mwenye nyumba agharimie nyaya na nondo, na mjane alipe kile kompteri inachosoma. Mama yule alirudia makaa kwa siku tatu katika juma. Hakufurahi; makaa nayo yana bei yake, na moshi wake. Lakini hakuhama.

Kwa msomaji asiye fundi nina maneno machache, hasa kwa wale tunaosali kwao katika nyumba za umri huo. Usifungue kitu. Una pua: harufu ya samaki au ya plastiki iliyoungua karibu na priza haitoki jikoni. Ukiweka mgongo wa mkono kwenye kifuniko cha swichi, kisiwe na joto. Taa ya chumba kimoja ikipepesa na ya jirani imetulia, muungano fulani umelegea katika nyumba yako. Taa za vyumba vingine zikififia huku nyingine zikizidi mwanga, zima swichi kuu mara moja, maana huenda netri imekatika, na vyombo vyako vinapokea umeme ambao havikuumbiwa. Aliyebadilisha mabomba ya chuma kwa plastiki amwite fundi wa umeme hata kama taa zote zinawaka. Na mtoto akisema kitu kinauma, mwende mkakiguse kwa kipimo, si kwa mkono wenye kiatu chini yake.

Siku ya Pentekoste ilipokaribia, zamu ya sala ilifika katika nyumba ile. Mvua zilikuwa zimekoma, udongo umeanza kupasuka. Nilikwenda mapema nikapima robine, nikapata sifuri, nikamwagia maji chini na kupima tena, sifuri. Yule mtoto wa miaka sita alikuja na ndoo yake. Mkononi alikuwa na kipande cha kitenge cha mama yake, kilichokunjwa mara nne. Nilimwambia kwamba robine imepona, nikaishika mbele yake kwa mkono mtupu, mguu wangu mmoja ukiwa nje ya kiatu. Alinitazama kwa makini, mguu, kisha mkono.

"Ndiyo, Baba," alisema. Akaizungushia kitenge, akaifungua, akajaza ndoo yake.